Hifadhi ya Bunduki za Kale katika Uasin Gishu

Katika uwanda wa Uasin Gishu, ambao mji wake mkuu, Eldoret, ulizaliwa juu ya Shamba Nambari 64 na kwa sababu hiyo ukaitwa Sisibo na wenyeji, tarikhi ya bunduki za kivita si ya vitabuni tu. Majirani zetu Wanandi, waliopigana na Waingereza tangu 1895 hata 1905, walizijua kwa upande wa mdomo, yaani upande wa wanaolengwa, na Orkoiyot wao, yaani kiongozi wao wa kiroho, Koitalel arap Samoei, aliuawa kwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905 alipokutana na Richard Meinertzhagen, afisa wa King's African Rifles, katika mkutano ulioitwa wa suluhu. Miaka mitatu baadaye wakawasili Makaburu wa Jansen van Rensburg na magari yao ya ng'ombe, watu walioizoea Mauser ya Ujerumani katika vita vyao na Waingereza vya 1899 hadi 1902.

Bunduki ya zama hizo inapozuka darini mwa marehemu, fikra ya kwanza ya warithi aghalabu ni kuing'arisha ipate kupendeza ukutani, na fikra hiyo, ijapokuwa ina nia njema, ndiyo adui mkubwa wa kazi yetu. Fundi wa vitu vya kale haajiriwi kuirejesha bunduki katika hali ya siku iliyotoka kiwandani. Huajiriwa kuusimamisha uharibifu hapo ulipofika, na kuziacha alama zote zisomeke.

Chukua Martini-Henry, iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1871 na kuenea katika makoloni yake. Haina mahali pa kuwekea risasi nyingi. Askari huuvuta chini wenzo ulio nyuma ya kifyatulio, kipande cha chuma kikashuka na kuufungua mtutu kwa nyuma, akatia risasi moja, akaurudisha wenzo, akapiga. Ubavuni, upande wa kulia, utaona taji, chini yake herufi V.R. za Malkia Victoria, kisha jina la kiwanda, mathalani Enfield, na mwaka. Mistari hiyo michache, ambayo kina chake ni kidogo mno, ndiyo hati ya kuzaliwa ya bunduki, na fundi asiye na subira huifuta kwa msasa katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Kadhalika kitako cha mjozi: Makaburu wengi walichonga majina yao katika vitako vya Mauser zao, na anayekikwangua kitako ili akipake vanishi mpya huenda akalifuta jina la mtu.

Kabla ya yote, hakikisha kwa macho ya mwenye ujuzi kwamba haina risasi ndani, wala usithubutu kuipiga, kwa maana chuma cha zaidi ya karne moja hakina dhamana. Kisha tofautisha kutu na kutu. Ile nyekundu, inayoacha unga kidoleni, ingali inakula. Hulainishwa kwa mafuta mepesi siku kadhaa, ikaondolewa taratibu kwa kitambaa au kipande cha shaba nyeupe, ambacho ni laini kuliko chuma cha bunduki. Ile ya kahawia iliyokoza, iliyotulia na kushikamana, iache. Tindikali usiikaribishe kabisa.

Mtutu wa bunduki za baruti nyeusi una siri yake. Masizi ya baruti hiyo yana chumvi zinazovuta unyevu, na chumvi hizo haziyeyuki katika mafuta bali katika maji. Kwa hiyo askari wa zamani aliosha mtutu kwa maji ya moto, akaukausha barabara, ndipo akaupaka mafuta. Anayepaka mafuta juu ya masizi huifungia kutu ndani. Ubao nao hutosheka na mafuta ya kitani kidogo sana, na katika mvua zetu ndefu za nyanda za juu usiihifadhi bunduki katika ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu.

Haya yote, hata hivyo, hayafanyiki kwa siri. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mmiliki wa bunduki hupewa idhini na Bodi ya Leseni za Silaha, na uzee wa chombo usichukuliwe kuwa ruhusa. Fauka ya hayo, Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kila chombo, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Basi tazama jinsi mwaka uliochongwa ubavuni, pamoja na habari za jinsi bunduki ilivyofika hapa, unavyoweza kuwa ushahidi wa kisheria, si pambo.

Kule Kitale, Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926, na mkusanyo wake ukawa msingi wa makumbusho ya umma ambayo watoto wetu huyazuru hadi leo. Ikiwa nyumbani kwenu kuna bunduki ya namna hii, usiiguse kwa msasa: mwite ofisa wa polisi, uandike jina la aliyekuwa nayo na namna alivyoipata maadamu wazee wangali hai, kisha uwaulize watu wa makumbusho kama wataipokea.