Lile gamba la jiweni Kigoma ni mnyama, wadau

Wadau, naanza kwa kujisahihisha. Niliporudi Usoke kutoka Kigoma niliandika hapa kwamba lile gamba la kijani nililolibandua kwenye jiwe la Ziwa Tanganyika ni mwani. Nilichemsha! Ni sifongo, mnyama kabisa, ndugu wa wale wanaofunika mawe ya bahari huko Unguja.

Najua huku kwetu ukisema sponji mtu anawaza godoro. Huyu hana mdomo wala tumbo. Anavuta maji kwa vitundu vidogo mno, anachuja chakula, kisha anayatoa kwa matundu makubwa kidogo, hayo unayaona kwa macho. Amelala juu ya jiwe kama rangi iliyopakwa, unene milimita chache tu. Mguse: mwani unateleza, yeye mara nyingi anakwaruza kama msasa.

Kumpa jina sasa, hapo ndipo kazi. Rangi inadanganya. Penye mwanga anaweza kuwa kijani kwa sababu ya mwani mdogo unaoishi ndani yake, chini ya jiwe akawa mweupe. Wataalamu wanaangalia sindano. Wengi wao mwili wao umeshikiliwa na visindano vya silika, kitu kile kile cha kioo. Unachukua kipande kama punje ya mchele, unakitia kwenye jiki (jiki tupu, usichanganye na siki!), nyama inayeyuka, unasuuza mara kadhaa, halafu tone moja kwenye hadubini. Nilifanya hivyo kwa hadubini ya kuazima: vijiti vya kioo vimejaa, vimepinda kidogo, ncha kali pande zote mbili. Wa baharini wengi wana vingine vidogo zaidi, vya umbo la nyota, ndoano au herufi C, na hivyo ndivyo vinavyowatenganisha.

Mwingereza J.E.S. Moore alikusanya sifongo wa Tanganyika miaka ya 1890. Aliamini ziwa lilikuwa mkono wa bahari zamani, jambo lililokataliwa baadaye. Richard Evans aliwaeleza spishi mbili mwaka 1899, moja akaiita Spongilla moorei.

Wangu je? Sitampa jina. Nilimtumbukiza kwenye spiriti bila picha, bila kuandika kina wala kama alikuwa juu au chini ya jiwe. Rangi imetoka yote. Na kumbandua bila kibali nako lilikuwa kosa.

Reli ya Kigoma inapita hapa hapa Usoke. Mwenye safari aweke sarafu pembeni ya gamba, apige picha humo humo majini, aandike kina, anitumie. Asibandue kitu.