UZI: "Vijana waende TVET" ni nusu ya jibu. Nusu ingine ni hii

1/ Kila msimu wa kampeni utaisikia: "Si lazima kila mtu aende yunivasiti. Vijana waende TVET, wapate ujuzi, wajiajiri." Watu wanapiga makofi, mheshimiwa anaendelea na mambo mengine. Mimi sina shida na hiyo kauli. Shida yangu ni swali ambalo huwa halifuati: ukimaliza hiyo kozi, cheti kinakuruhusu kufanya nini, na nani anakitambua?

2/ Jukwaani mifano huwa ni fundi bomba na fundi wa stima tu. Leo nachukua kazi mbili ambazo hazitajwi: masaji, na wasaidizi wa sheria, wale wengi wetu tunawaita maparalegal. Mmoja anashika mwili wa mtu, mwingine anashika shida ya mtu. Wote wawili wakikosea, kuna mtu anaumia. Ndio maana zinafaa kwa huu mjadala.

3/ Kwanza tumalize ule mfano wa Marekani, juu lazima mtu ataulete. "Marekani wana vyuo vya jamii, na sisi tujenge!" Ni kweli wanavyo: kozi za miaka miwili au chini, ada nafuu kuliko yunivasiti, karibu na nyumbani, na masomo mengine unaweza kuhamisha ukaendelea na digrii. Masaji na usaidizi wa sheria zinafundishwa humo.

4/ Lakini si chuo peke yake kinachofanya ile kitu ifanye kazi. Majimbo mengi ya huko yanataka mtu wa masaji awe na leseni, na kuna masaa ya mafunzo ambayo lazima umalize: Texas ni 500, New York ni 1,000. Msaidizi wa sheria naye kwa kawaida hana leseni ya jimbo, ila anafanya kazi chini ya wakili, na wakili ndiye anajibu mambo yakiharibika. Njia ni mbili, lakini kwa zote kuna mtu wa kuulizwa.

5/ Sasa turudi Kenya. Kwetu mambo yamegeuka: msaidizi wa sheria ndiye ametajwa kwenye sheria, mtu wa masaji hana sheria yake. Twende moja moja.

6/ WASAIDIZI WA SHERIA. Katiba, Kifungu cha 48: serikali ihakikishe kila mtu anafikia haki, na kama kuna ada, iwe ya kadiri isiyomzuia mtu. Sasa fikiria mama amefungiwa nyumba na landilodi. Jirani amesogeza mpaka wa shamba. Kijana ameshikwa na hajui dhamana inaombwaje. Mtu wa kwanza wanayehitaji si lazima awe wakili. Ni mtu anayejua waende ofisi gani, na karatasi gani, kabla muda haujaisha. Mashirika kama Kituo cha Sheria, ambacho kilianza 1973, yamefundisha watu wa aina hii mitaani na hata ndani ya magereza.

7/ Halafu ikaja Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Kwa ufupi: msaidizi awe amesoma kozi kwenye taasisi iliyoidhinishwa na Baraza la Elimu ya Sheria, na afanye kazi chini ya uangalizi wa wakili au shirika lililopewa idhini ya kutoa msaada. Kenya School of Law yenyewe inatoa diploma ya hii kazi. Kwa karatasi, mambo yako sawa.

8/ Hapa ndipo mwanafunzi anapigwa chenga. Anaona bango: "Soma usaidizi wa sheria, fungua ofisi yako." Hapana. Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kujifanya wakili, na kuna hati, kama za kuhamisha ardhi, ambazo hawezi kuandaa kwa malipo. Na ule msaada wa kisheria wenyewe umewekwa kwa wasiojiweza, kwa gharama ya serikali. Sasa mshahara wako utatoka wapi? Kwa serikali, kwa shirika, au kwa ofisi ya wakili. Si kwa yule mama aliyefungiwa nyumba.

9/ Kwa hivyo mtu akiahidi "tutafundisha wasaidizi wa sheria kila wadi", usiulize kuhusu darasa. Darasa ni rahisi, linajengwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Uliza laini ya mshahara kwenye bajeti. Bila hiyo, tunazalisha watu wanaojua haki za kila mtu na hawana nauli ya kufika kortini.

10/ MASAJI. Hii ni kazi halali na ina wateja: hoteli za Pwani, spa za Nairobi, wanariadha, watu wanaokaa kwa kompyuta siku nzima hadi shingo inakataa. Lakini jina lake limechafuliwa. Ukisema umesomea masaji, kuna mtu atacheka kwanza. Na kwa vile hakuna daftari rasmi la waliohitimu, aliyesoma na asiyesoma wanaonekana sawa. Kanjo wakipiga msako, cheti chako ni karatasi tu ukutani.

11/ Msichanganye na fizio. Wanafizio wana sheria yao ya 2014 na baraza lao. Cheti cha masaji hakikufanyi mwanafizio, na tofauti si ya majina tu. Mteja akija na mguu mmoja umevimba, unauma na una joto, huo haukandwi. Inawezekana damu imeganda ndani, na kuukanda ni hatari. Huyo anaenda hospitali. Kozi nzuri inakufundisha nani usimguse. Kozi mbaya inakufundisha mafuta na muziki wa polepole.

12/ "Lakini si kuna TVETA?" Iko. Sheria ya TVET ya 2013 inaipa kazi ya kuidhinisha vyuo na wakufunzi. NITA inatahini ufundi kwa gredi. KNQA inapanga ngazi za vyeti. Kaunti inatoa leseni ya biashara. Sasa angalia vizuri: zinapima chuo, ufundi, karatasi na duka. Hakuna inayoshika orodha ya watu wa masaji wenyewe, ambayo mteja anaweza kuangalia, na ambayo mtu akidhulumu mteja anafutwa.

13/ Upande wa pili nao una hoja, tuusikilize. Baraza jipya ni ada mpya, ofisi mpya, na mlango mpya wa hongo. Na dada ambaye amefanya hii kazi miaka kumi bila cheti anafungiwa nje na mtu aliyesoma miezi sita. Hiyo ni hoja nzito. Jibu mojawapo ni RPL, yaani kutambua ujuzi uliopatikana kazini: unapimwa kwa kile unachoweza kufanya, unapewa cheti bila kurudi darasani upya. Lakini hata huko kupimwa kuna gharama, na wapimaji lazima wawepo karibu.

14/ Msimamo wangu, na unaruhusiwa kuukataa: kazi inayoweza kumuumiza mteja iwe na orodha ya umma, ada yake iwe ndogo, na walioko kazini wapewe muda wa kupimwa kabla sheria haijawabana. Tunaweza kubishana kuhusu ukali. Kukaa bila chochote nako ni uamuzi, na anayelipia ni mwanafunzi na mteja.

15/ Pesa. Kuanzia 2018 hesabu ya TVET za umma ilikuwa hivi: ada 56,420 kwa mwaka, serikali 30,000, na 26,420 inayobaki kwa mkopo wa HELB. Mfumo ukabadilika 2023. Lakini ule mgao ulikuwa wa vyuo vya umma. Masaji mara nyingi inafundishwa na vyuo binafsi vya urembo, na huko mzazi anatoa mfukoni. Kwa hivyo "TVET ni bei nafuu" si kweli kwa kila kozi.

16/ Nani aulizwe nini? Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini na leseni za biashara. Hapo uliza gavana na MCA. Taasisi za ufundi za kitaifa na mikopo ni serikali ya kitaifa. Kutunga sheria ya daftari la watu wa masaji, au kuongeza pesa za msaada wa kisheria, ni Bunge. MCA akikuahidi HELB, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

17/ Kama ni wewe unataka kujiunga, kabla hujalipa hata shilingi:
– Chuo kimeidhinishwa na TVETA? Na hii kozi yenyewe je? Kama ni ya sheria, Baraza la Elimu ya Sheria linaitambua?
– Mtihani wa mwisho unatungwa na nani, chuo chenyewe au mtu wa nje?
– Kuna mazoezi kwa watu halisi, masaa mangapi, na nani anasimamia?
– Waliomaliza mwaka jana wako wapi? Omba kuongea na wawili.
– Piga simu kwa mwajiri mmoja unayemtamani, umuulize kama anakubali hicho cheti.
Wakikasirika ukiuliza, umeshapata jibu.

18/ Na kama ni baraza ya kampeni, swali moja linatosha: "Mheshimiwa, mtoto wangu akimaliza hiyo kozi, sheria gani inamtambua na nani atamlipa?" Halafu nyamaza, umwachie maiki. Ukipata jibu la maana, lilete hapa chini tulisome sote.