Reli ya umeme Burundi: Nikeli ina behewa, gunia lako je?

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa Bujumbura anayepakia mzigo Bandari ya Dar es Salaam hulipia dizeli mara mbili: kwanza kwenye nauli ya lori, kisha kwa kifua chake, pale malori yanaponguruma kwenye foleni ya mpakani.

Reli ya kisasa (SGR) inayoelekea Burundi inalenga kupunguza gharama zote mbili. Desemba 2023, Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB) iliidhinisha dola za Marekani milioni 696.41 kwa kilomita 651: Tabora–Kigoma 411, Uvinza–Malagarasi 156 na Malagarasi–Musongati, ndani ya Burundi, 84. Burundi ilitengewa ruzuku ya dola milioni 98.62. Fungu la Tanzania ni mikopo na dhamana, na mkopo hulipwa kwa kodi.

Treni zitatumia umeme, kama zile za abiria zilizoanza safari za Dar es Salaam–Dodoma mwaka 2024. Kichwa cha treni hakitoi moshi. Wa kuangaliwa ni mtambo unaozalisha umeme. Tanzania bado inachoma gesi asilia, lakini sasa ina pia Bwawa la Julius Nyerere, Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Kila kontena linalohamia relini linapunguza moshi barabarani.

Swali la mwenye mtaji mdogo halijajibiwa. Musongati kuna nikeli, na madini ndiyo mzigo unaojaza mabehewa. Mwenye magunia 40 ya mchele hajazi hata kontena moja. Anahitaji ghala la kukusanyia mizigo midogo stesheni, na forodha inayomaliza nyaraka kabla treni haijafika mpakani. Tena Musongati si Bujumbura: mpaka reli isogezwe mbele, kipande kilichobaki ni cha lori, milimani.

Vikikosekana hivyo, fedha za umma zitasafisha hewa kwa ajili ya mizigo ya wakubwa, na mdogo atabaki na lori lake na moshi wake.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vina la kufanya: kuyadai hayo kwa mashirika ya reli na wizara za uchukuzi za nchi zote mbili, kabla nauli hazijabandikwa ukutani. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.