Mwenyewe Kaburini, Sauti Sokoni

Kwata ndai! Wajukuu zangu wa Tulia, mbona mnaitika kinyonge kama mbuzi wa kiangazi? Kwata ndai! Haya, sasa mmeamka. Tegeni masikio: "Mwenyewe yu kaburini, sauti yake sokoni." Ni nani huyo?

Redio? Redio haina kaburi. Mzimu? Mzimu haendi sokoni mchana. Mmeshindwa, basi nipeni mji. Mnanipa Mombasa? Nimeupokea kwa mikono miwili, maana jibu lenyewe liko huko huko.

Zamani, kabla gari moshi halijapiga honi Makindu, watu wetu wa Ukambani walikwenda pwani kwa miguu. Misafara ilibeba pembe za ndovu, ikakata nyika ya Taru isiyo na maji, ikarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Katika Mombasa ya siku hizo, ambayo wenyeji waliiita Mvita, aliishi mfanyabiashara aitwaye Muyaka bin Haji. Alizaliwa mnamo 1776.

Wakati ule, mashairi mengi yaliyoandikwa yalikuwa tenzi ndefu za dini. Muyaka akalichukua shairi akalikalisha barazani, katikati ya watu wanaocheka na kubishana. Alitunga juu ya mapenzi, biashara, njaa na marafiki wanaokukimbia ukifilisika. Alipenda mafumbo pia: mshairi mmoja anafunga, mwenzake anafungua kwa shairi, kama sisi na ndai, vitendawili vyetu.

Vilevile alitunga juu ya vita. Mombasa ilitawaliwa na ukoo wa Mazrui, lakini Seyyid Said, mtawala wa Oman, aliitamani. Muyaka alisimama na Mazrui. Adui walipojigamba, aliwarushia beti, na washairi wa Lamu nao hawakukaa kimya; wakamrudishia. Mwaka 1837 Seyyid Said akautwaa mji, na kama miaka mitatu baadaye Muyaka akafariki.

Sasa hapa ndipo pa kusogea karibu. Muyaka hakuacha kitabu. Beti zake zilibaki vinywani mwa watu. Mtu alizisema akitania, mwingine akimwonya mwanawe, mwingine akikumbuka Mvita ya zamani. Miaka ikapita, wazee wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mmoja na beti zake kifuani.

Akatokea Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa. Jina lake Sikujua, lakini alijua mengi! Alizikusanya beti za Muyaka, akamsaidia mmisionari Mwingereza, William Taylor, kuzihifadhi na kuzielewa. Hatimaye, mwaka 1940, William Hichens alizitoa kitabuni huko Johannesburg. Hesabuni wenyewe: karibu miaka 100 tangu Muyaka azikwe.

Mnauliza watu waliwezaje kukumbuka muda wote huo? Shairi la Muyaka lilijengwa ili likumbukwe. Ubeti una mistari minne, na kila mstari hukatwa vipande viwili. Kila kipande kina mizani nane. Mizani ni nini? Pigeni makofi, kofi moja kwa kila silabi: mwe-nye-we-yu-ka-bu-ri-ni. Nane! Sa-u-ti-ya-ke-so-ko-ni. Nane tena! Na vipande vyote viwili vinaishia na "ni". Hicho ndicho kina. Ukisahau neno, mizani itapungua na sikio litagutuka. Ukiweka neno lisilofaa, kina kitakukana. Shairi linajilinda lenyewe, kama boma lenye ua wa miiba: ng'ombe mmoja akitoka, pengo linaonekana.

Sasa mmelijua jibu la kitendawili. Lakini mji wenu siwarudishii bure. Lazima mnilipe. Mimi naanza:

Nakwenda Tulia mimi, kuteka maji baridi,
Jua kali halisemi, lachoma hata zaidi.

Mistari miwili imebaki, nayo ni yenu. Kipande cha kwanza kiishie "mi", cha pili "di", na makofi yawe nane nane. Msiandike popote. Tungeni njiani mkienda kisimani, kisha kesho jioni mnisomee kutoka kichwani. Nikiona karatasi, Mombasa inabaki yangu.