Ligi ya Vimondo: Mabingwa wa Makumbusho Duniani

Angani hakuna mizani. Kimondo kikishatua ndipo kazi huanza: kinapimwa, kinapewa jina, kinaandikwa daftarini, kinatafutiwa nafasi makumbusho. Na penye mizani na daftari hapakosi mashindano. Kwa uzito, kipimo chetu ni mfuko wa saruji wa kilo 50. Twende uwanjani.

1. Kizito kuliko vyote: Hoba, Namibia

Tani 60! Hiyo ni mifuko 1,200 ya saruji, mzigo wa malori mawili yenye trela, iliyobanwa ikawa bonge moja la chuma na nikeli. Upana wake ni mita 2.7 kila upande, na unene haufiki hata mita moja. Mkulima alikigundua mwaka 1920 shambani karibu na Grootfontein. Kuhamishwa kikashindikana, hivyo mwaka 1955 kikatangazwa kuwa urithi wa kulindwa palepale kilipo. Inakadiriwa kilianguka miaka 80,000 iliyopita, na tangu siku hiyo hakijasogea hata hatua moja.

2. Kizito kuliko vyote ndani ya jengo: Ahnighito, New York

Tani 31, yaani mifuko 620, chini ya paa la Makumbusho ya Historia Asilia ya Marekani. Kwa karne nyingi Wainuit wa Greenland waligonga na kumega chuma cha vimondo vya eneo hilo wakatengenezea visu na vyusa. Mwaka 1897 mpelelezi Robert Peary alikipakia melini, na baadaye makumbusho yakakinunua pamoja na wenzake wawili kwa dola 40,000. Sakafu pekee isingekihimili: nguzo zake zimepenyezwa chini hadi zikakanyaga mwamba ambao jengo lenyewe limesimama juu yake. Mpinzani anapumua kisogoni. Kimondo cha Gancedo, kilichofukuliwa Argentina mwaka 2016, kina tani 30.8. Pengo kati yao ni mifuko michache tu.

3. Dabi ya Afrika Mashariki: Mbozi dhidi ya El Ali

Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, kina urefu wa mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16: mifuko 320. Wenyeji walikifahamu zamani, lakini kiliingia kwenye kumbukumbu za wanasayansi mwaka 1930 kupitia mpima ardhi W. H. Nott. Kilikuwa kimefukiwa nusu, ndipo udongo wa pembeni ukachimbwa ili kionekane chote. El Ali cha Somalia, ambacho wafugaji walikijua kwa vizazi, kina tani 15.2. Mbozi inaongoza kwa mifuko 16. Lakini mwaka 2022 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kuwa kipande kidogo cha El Ali kimetoa, kwa mpigo, madini mawili ambayo hayakuwahi kuonekana katika maumbile. Kombe la uzito libaki Songwe. La madini mapya liende Somalia.

4. Maonyesho makubwa kuliko yote: Vienna, Austria

Makumbusho ya Historia Asilia ya Vienna yamepanga vimondo 1,100 kwenye makabati ya vioo, na hakuna ukumbi mwingine unaoonyesha vingi hivyo. Kimojawapo ni Hraschina, chuma cha kilo 39 kilichoanguka Kroatia mwaka 1751, ambacho ndicho kilichoweka msingi wa mkusanyiko huo. Ukikipa kila kimondo dakika moja, utatoka baada ya saa 18: muda ambao basi la Dar es Salaam hadi Mbeya limeshafika na abiria wamelala. Smithsonian ya Washington inashinda kwa hazina, ikiwa na sampuli zaidi ya 17,000, ila nyingi zimo ghalani.

5. Kumbukumbu kongwe kuliko zote: Nogata, Japani

Tarehe 19 Mei 861 jiwe la gramu 472 liliangukia eneo la hekalu, na mpaka leo limehifadhiwa hapohapo. Hakuna kimondo kingine chenye tarehe ya kuanguka ya zamani zaidi ambacho kipande chake bado kipo mkononi. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1593, jiwe hilo lilikuwa limetunzwa kwa miaka 732! Ulaya inafuata mbali, na Ensisheim ya mwaka 1492.

6. Chembe kongwe kuliko zote: Murchison, Australia

Kilianguka tarehe 28 Septemba 1969, na zaidi ya kilo 100 zikaokotwa. Sehemu kubwa ilienda Makumbusho ya Field, Chicago. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa ndani yake mna chembe za vumbi la nyota, nyingine zikiwa na umri wa hadi miaka bilioni 7. Jua letu lina bilioni 4.6 tu. Mlima Kilimanjaro, ulioanza kulipuka miaka milioni 2.5 hivi iliyopita, unapitwa kwa zaidi ya mara 2,000. Hakuna kitu kigumu kikongwe zaidi ambacho binadamu amewahi kukipima umri.

7. Chenye kasi kuliko vyote: Sutter's Mill, California

Tarehe 22 Aprili 2012 kiliingia angani kwa kilomita 28.6 kwa sekunde. Kwa mwendo huo Mombasa hadi Nairobi ni sekunde 17. Treni ya SGR huchukua takriban saa tano. Mbio hizo zilikigharimu: mwamba uliokadiriwa kuwa na tani 40 uliacha mabaki yasiyofika kilo moja.

8. Ghali kuliko vyote: NWA 16788, kutoka Mirihi

Kilo 24.67 za sayari nyingine. Ndicho kipande kikubwa zaidi cha Mirihi kinachojulikana hapa duniani, na kinakizidi uzito mshindi wa pili, Taoudenni 002, kwa asilimia 70. Kiliokotwa Niger mwaka 2023, na Julai 2025 kikapigwa mnada New York kwa dola milioni 5.3. Kila gramu iliuzwa zaidi ya dola 200, karibu mara mbili ya bei ya dhahabu ya wakati huo. Niger haikufurahia, ikaanzisha uchunguzi wa jinsi kilivyotoka nchini.

9. Bahati kuliko zote: Mbale, Uganda

Tarehe 14 Agosti 1992 mawe yalinyesha juu ya Mbale. Moja, la gramu 3.6, lilimgonga kijana kichwani, lakini jani la mgomba lilikuwa limeshalipunguza nguvu, naye hakuumia. Mawe kama hilo yangehitajika karibu 14,000 kufikia mfuko mmoja wa saruji. Linganisha na Alabama, Marekani, mwaka 1954: jiwe la kilo 3.9, zito mara elfu moja, lilitoboa paa likamwachia Ann Hodges jeraha kubwa nyongani. Leo jiwe hilo liko makumbusho.

10. Daftari kubwa kuliko yote

Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa vimondo, Meteoritical Society, imeshaidhinisha majina zaidi ya 70,000. Yape kila moja kiti katika Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, na maelfu watabaki nje ya geti. Zaidi ya nusu vimetoka Antaktika, ambako jiwe jeusi juu ya barafu halijifichi. Vilivyoonekana vikianguka ni 1,300 hivi, abiria wa mabasi 20.

Kuingia ligi hii kuna ada: gramu 20 za sampuli, au asilimia 20 ya uzito kama kimondo ni kidogo, lazima zihifadhiwe katika taasisi yenye mkusanyiko wa kudumu. Hoba anashikilia kombe tangu 1920. Mwenye bonge la tani 61 shambani kwake na alete gramu zake 20!