Paka wa Stoo Akianza Kuchafua, Msimfukuze Kwanza



Vikundi vingi hapa Lodwar na kule Kakuma vina stoo ndogo: magunia ya mahindi na maharagwe, unga wa kuuza, labda na mbegu za kupanda kando ya mto Turkwel. Palipo na nafaka pana panya, na palipo na panya watu hutafuta paka. Kwa sababu stoo hufungwa usiku, paka huwekewa karai la mchanga ajisaidie humo.

Mambo huenda vizuri, halafu siku moja paka yule aliyekuwa msafi anakojoa juu ya magunia au anaacha kinyesi pembeni. Wanakikundi wanakasirika. Mmoja anasema apigwe, mwingine anasema atupwe huko laga. Lakini paka akienda, panya wanarudi, na baada ya panya inakuja sumu ya panya, karibu na chakula na karibu na watoto. Kwa hivyo, kabla ya kumfukuza, tuulize kwanza ni nini kimembadilisha.

Paka hachafui ili kulipiza kisasi. Kuna sababu, na mara nyingi inapatikana mkiuliza maswali matatu kwa utaratibu huu: Je, ni mgonjwa? Je, karai lina shida? Je, kuna kitu kinachomsumbua?

KWA NINI PAKA HUPENDA MCHANGA

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa nchi kavu za Afrika na Mashariki ya Kati. Desturi yake ni kuchimba, kujisaidia na kufukia. Huko Marekani watu walitumia mchanga na majivu, mpaka mwaka 1947 Edward Lowe alipoanza kuwauzia udongo mkavu wa kuweka katika vyombo vya paka. Sisi hatuna haja ya kununua, laga zetu zimejaa mchanga.

Lakini hapo pia ndipo shida huanzia. Kama sakafu ya stoo ni mchanga mtupu, paka huona stoo yote ni choo. Atajuaje kwamba mchanga wa karai ni halali na ule wa chini ya magunia ni haramu? Nafaka iliyomwagika nayo inachimbika kama mchanga. Basi shindilieni sakafu kwa udongo mgumu, au tandikeni mawe bapa, au wekeni saruji mkipata uwezo. Magunia yafungwe vizuri na kupangwa juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta. Nafaka iliyomwagika izolewe siku hiyo hiyo.

1. ANGALIENI MWILI WAKE

Mtu mwenye tumbo la kuendesha hafiki chooni kila mara. Paka ni vivyo hivyo. Tena akiona uchungu wakati wa kukojoa ndani ya karai, anafikiri karai ndilo linalomuumiza, naye analikimbia.

Dalili za kuangalia ni hizi: anachuchumaa mara nyingi na kutoa matone tu, mkojo una damu, analia akikojoa, anajiramba sana sehemu za siri, anaharisha, au hali chakula.

Paka dume anayejikamua na mkojo hautoki kabisa yuko katika hatari kubwa. Njia ya mkojo imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Msingoje siku ya mkutano wa kikundi. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Msimpe dawa za maumivu za binadamu. Panadol, hata kipande kidogo, inaweza kumuua paka.

Joto letu la Turkana linataka maji. Mkojo wa paka ni mzito kwa asili, na asipokunywa unazidi kuwa mzito. Mwekeeni bakuli la maji safi kivulini na kuyabadilisha kila siku. Msiseme, "Ana panya, yatosha."

2. ANGALIENI KARAI

Kama mwili ni mzima, njooni kwenye karai.

Je, linachomeka? Stoo nyingi ni za mabati. Saa saba mchana karai la chuma lililo karibu na ukuta huwa kama kikaango. Weka mkono wako katika mchanga huo. Ukiuondoa haraka, na paka naye ataondoa miguu yake. Tumieni beseni la plastiki, au jerikeni ya lita 20 iliyolazwa na kukatwa upande wa juu, kingo zikisuguliwa zisikate. Chombo kiwe kivulini, na kiwe kikubwa paka aweze kugeuka ndani yake.

Je, ni safi? Paka hukataa choo kichafu kama wewe unavyokataa. Toeni kinyesi na mchanga uliolowa kila siku. Mara moja kwa wiki mwageni mchanga wote, osheni chombo kwa maji na sabuni, kianikeni juani, kisha tieni mchanga mpya wa kina cha vidole vitatu au vinne. Mchanga wa laga uchekecheni kwanza kuondoa miiba, mawe, mavi ya mbuzi na nge.

Je, liko mahali pazuri? Paka hapendi kujisaidia karibu na chakula chake, wala mlangoni watu wanapopita. Na mkiwa na paka wawili, wekeni makarai matatu mahali mbalimbali, maana mmoja huweza kumzuia mwenzake.

3. ANGALIENI KINACHOMSUMBUA

Mbwa mpya, paka mgeni, kelele za kupakua magunia au kuhamishwa, yote haya humvuruga paka. Kumpiga au kumsugua pua katika kinyesi kunaongeza hofu tu. Hujifunza kukuogopa wewe, kisha hujificha nyuma ya magunia na kuchafua huko.

Tofautisheni pia kukojoa na kuweka alama. Paka anayekojoa huchuchumaa. Anayeweka alama husimama, huinua mkia na kurusha mkojo ukutani. Hii ni kazi hasa ya madume, na dawa yake ni kuhasiwa na daktari wa mifugo. Paka aliyehasiwa bado hukamata panya.

KUMRUDISHA KATIKA DESTURI

Osheni mahali palipochafuliwa kwa maji na sabuni mpaka harufu iishe, kwa maana harufu humwita tena. Pakikauka, wekeni bakuli lake la chakula hapo. Kwa wiki moja au mbili paka akae katika chumba kidogo chenye ubaridi, awe na makarai mawili. Akishayatumia vizuri, mrudisheni stoo pole pole.

AFYA YETU NA YA MIFUGO

Nafaka iliyolowa mkojo au kuguswa na kinyesi isiuzwe, isipikwe, wala isipewe mbuzi. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba kijidudu cha toksoplasma. Kijidudu hiki humdhuru mtoto aliye tumboni, na mbuzi na kondoo huharibu mimba wakila malisho yaliyochafuliwa. Huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo maana kusafisha kila siku kuna faida kubwa. Mama mja mzito asifanye kazi hiyo. Wengine wanawe mikono kwa sabuni, na kinyesi kifukiwe mbali na kisima. Nyama nayo iive vizuri, kwa sababu kijidudu hicho hupatikana pia katika nyama mbichi.

Tusichanganye jambo hili na uvimbe wa haidatidi, ambao Turkana tunaujua sana na ambao AMREF ilianza mpango wa kuupiga vita hapa mwaka 1983. Huo hutokana na minyoo ya mbwa, si paka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika stoo yetu, ni nani anayesafisha karai, na siku asipokuwepo ni nani?
2. Mchana karai letu liko juani au kivulini?
3. Sakafu yetu ni ya nini, na tunaweza kufanya nini mwezi huu bila kungoja msaada?
4. Paka akiugua, nani atampeleka ofisi ya mifugo, na nauli itatoka wapi?

Andikeni majibu katika kitabu cha kikundi, na kila kazi iwe na jina la mtu.