Hodi ya ubingwa ina bei yake

MZAZI anapomshuhudia mwanawe akila kiapo cha udaktari, huvuta pumzi. Hudhani kazi ya kulipa karo imekwisha. Lakini wapi! Kwa wengi, huo ndio mwanzo wa hesabu nyingine.

Wakazi wa Ngara, jijini Nairobi, wanaiona safari hii kila siku. Ng'ambo ya Museum Hill tu pana Chiromo, ambako wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi husomea muundo wa mwili wa binadamu. Baada ya miaka sita hupewa shahada, kisha hutumikia mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini.

Hata mwaka huo una vita vyake. Mnamo 2024 madaktari waligoma kwa siku 56. Serikali ilitaka kuwalipa wanagenzi Sh70,000 kwa mwezi, ilhali wao walidai Sh206,400 kwa msingi wa mkataba wa 2017.

Sasa mchukue daktari kijana anayekodi chumba Ngara na anayetaka kuwa bingwa. Afanyeje?

Akiomba chuo kikuu cha humu nchini, fomu humgharimu shilingi elfu chache, na pesa hizo hazirudishwi hata akikosa nafasi. Huo ni mlango tu. Aliyeajiriwa na serikali akipewa likizo ya masomo huendelea kupata mshahara wake. Anayejilipia hutoa karo ya mamia ya maelfu ya shilingi kwa mwaka, huku akihudumia wagonjwa wodini usiku na mchana bila mshahara. Hali hiyo huendelea miaka mitatu au zaidi.

Kwa anayependa upasuaji, kuna Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao yake Arusha. Hapa daktari hufunzwa katika hospitali iliyoidhinishwa, mathalani Tenwek kule Bomet au Kijabe. Hulipa ada za usajili na mitihani, lakini hakuna karo ya chuo kikuu.

Wengine huitazama Marekani. Kule mambo ni kinyume: daktari anayesomea ubingwa hulipwa, kwa wastani zaidi ya dola 60,000 katika mwaka wa kwanza. Shida ni kubisha hodi. Mtihani wa kwanza pekee humgharimu mgeni zaidi ya dola 1,000, na si wa mwisho.

Kisha huja maombi yenyewe. Katika msimu wa 2024/2025, kila ombi miongoni mwa 30 ya kwanza katika fani moja lilitozwa dola 11, na kila lililozidi hapo dola 30. Aliyeomba hospitali 30 alilipa dola 330, yaani kama Sh42,500. Aliyeomba 100 kwa hofu ya kukosa alilipa dola 2,430, zaidi ya Sh310,000! Na hakuna aliyemhakikishia nafasi hata moja.

Afadhali kidogo, tangu 2020 mahojiano mengi hufanywa kwa njia ya video. Zamani mwombaji alijikatia tiketi ya ndege.

Basi mzazi, kabla ya kuuza shamba au kuitisha harambee, keti na mwanao mjiulize: Ni ada zipi hazirudishwi? Nani atalipa kodi ya nyumba katika miaka ya masomo? Akikosa nafasi mwaka huu, je, zitabaki pesa za kujaribu tena, na karo ya wadogo zake?

Nawe daktari kijana, usiione aibu kuwafungulia wazazi hesabu zako. Wengi wao huamini kwamba anayeitwa daktari tayari ana pesa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini ni vyema ajue mapema atainama kwa miaka mingapi.